Rauta ya nyumbani imechoka, nina 130,000 mkononi: ninunue ipi hapa Mtwara?

#1 MwalimuWaChuno (mleta uzi)

Mtwara kuchele wakuu.

Naombeni ushauri wa haraka maana nyumbani hakukaliki. Rauta yetu ina miaka minne, na tangu wiki iliyopita inajizima na kujiwasha yenyewe. Asubuhi inavumilia. Ikifika saa moja jioni ndipo balaa linaanza: inazima, taa zote zinawaka kwa mpigo, dakika mbili baadaye intaneti inarudi, robo saa haijapita inazima tena. Jana nilihesabu mara tisa kabla ya kulala.

Ingekuwa ni ya kuangalia mpira tu ningenyamaza. Mke wangu ana steshenari chumba cha mbele, na vijana wanakuja kujaza maombi ya mkopo HESLB, wengine Ajira Portal, wengine mambo ya cheti cha kuzaliwa RITA. Juzi kaja binti kutoka Naliendele kwa nauli ya kuazima. Fomu imefika kwenye kupakia viambatanisho, rauta ikazima. Tulianza upya mara tatu. Alipoondoka saa mbili usiku sikuwa na raha kabisa.

Nina 130,000. Niliingia duka moja mjini, muuzaji akanitolea yenye antena nne kwa 95,000 akaniambia hiyo inafika mpaka barabarani. Kabla ya kutoa hela nikaona niulize kwanza. Laini yetu ni ya faiba, kifurushi cha 20 Mbps. Nyumba ya tofali za saruji, vyumba vinne. Simu na kompyuta jumla kama tisa.

Naomba kuwasilisha.

#2 KoroshoGhafi

Pole sana mwalimu. Antena zisikubabaishe. Nilishanunua ya antena sita, chumba cha nyuma nikapata mawimbi yaleyale niliyokuwa nayo kwenye ya antena mbili.

#3 Fundi_Ligula

Mwalimu, hiyo 130,000 irudishe mfukoni kwanza. Nijibu maswali matatu.

Moja: ikizima, ni taa zote zinakufa au ni intaneti tu inayokata huku taa zinawaka? Umesema taa zinazima na kuwaka upya, basi hapo tatizo ni umeme wa rauta yenyewe, laini haihusiki. Intaneti ikikata huku rauta inawaka vizuri, kosa mara nyingi liko upande wa mtoa huduma au kwenye waya.

Mbili: kuna kisanduku kingine kidogo ambacho waya mwembamba wa faiba unaingia, halafu ndipo unatoka waya wa mtandao kwenda kwenye rauta? Au faiba inaingia kwenye rauta moja kwa moja?

Tatu: adapta yako imeandikwa nini? Soma pale penye OUTPUT.

Nauliza hivi kwa sababu rauta nyingi ninazoletewa hapa mezani zikiwa na dalili kama zako, ugonjwa uko kwenye adapta. Ndani yake kuna kapasita zinazotuliza umeme. Zikichoka, adapta ikiwa haina mzigo ukiipima kwa mita itakupa volti 12 safi kabisa, ukadhani ni nzima. Iwekee mzigo, inaporomoka. Na jioni ndipo watu wote wako nyumbani, simu tisa zinavuta, rauta inadai umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana asubuhi inakudanganya.

Usisingizie umeme mdogo wa jioni peke yake. Adapta hizi nyingi zinapokea kuanzia volti 100 mpaka 240. Umeme ukishuka hadi 180, adapta nzima inaendelea na kazi yake. Kinachoziua ni ule mshtuko umeme unaporudi baada ya kukatika, na huku kwetu hilo tunalijua vizuri.

#4 MwalimuWaChuno

Fundi, ubarikiwe. Ni taa zote zinakufa. Kipo kisanduku cheupe cha mtoa huduma, faiba inaingia humo, kisha waya unakuja kwenye rauta. Adapta imeandikwa 12V 1A.

#5 Fundi_Ligula

Vizuri. Hicho kisanduku ni ONU, ni mali ya mtoa huduma, usikiguse. Unachohitaji wewe ni rauta ya kawaida yenye tundu la WAN, yaani la kupokelea intaneti kwa waya wa mtandao. Usiuziwe ya laini ya simu ya mezani wala ya kuweka simkadi. Ile ya 95,000 uliyoonyeshwa, geuza nyuma utazame: tundu la kupokelea intaneti ni pana kama la waya wa mtandao, au ni dogo kama la simu ya mezani?

Na leo hii azima kwa jirani adapta ya 12V, ampea 1 au zaidi, kichwa kinachoingia sawasawa. Ampea zikizidi hakuna madhara, kifaa kinachukua kinachohitaji tu. Volti zikizidi umeunguza.

#6 Pwani_Mikindani

Nachangia kidogo kuhusu ukuta, maana hapa Mikindani baadhi yetu tunakaa kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe. Ukuta unene wake unakaribia mkono mzima. Wi-Fi ina masafa mawili: ya 5 GHz inafia palepale sebuleni, haivuki. Ile ya 2.4 GHz inavuka kwa taabu lakini inafika. Kwa nyumba ya tofali kama ya mwalimu, 5 GHz itavuka ukuta mmoja vizuri, wa pili itaanza kulegea.

Nilichofanya mimi: nimevuta waya mpaka chumba cha pili, nikaweka rauta kuukuu kule mwisho iwe inasambaza tu. Vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kurudia mawimbi nimevitumia mwaka mzima. Vingi vinapokea na kutuma kwa masafa yaleyale, hivyo kasi inakatika karibu nusu. Waya haukati kitu, mradi usizidi mita 100.

#7 KoroshoGhafi

Hapo kwenye waya mwambieni mwalimu anunue wa shaba halisi. Kuna ule wa alumini iliyopakwa shaba, bei yake inavutia, lakini kwa hewa yetu ya chumvi vichwa vinaoza mapema.

#8 NewalaJuu

Sisi wa huku Makonde Plato faiba hatuna, natumia rauta ya laini. Swali langu kwa fundi: nimenunua mkononi kwa mtu, nikiweka laini ya mtandao mwingine inakataa. Ni mbovu?

#9 Fundi_Ligula

Si mbovu, imefungwa na kampuni iliyoiuza mwanzo. Kila anayenunua rauta ya laini iliyotumika aende dukani na laini yake mwenyewe, aichomeke, afungue ukurasa mbele ya muuzaji ndipo alipe. Tahadhari hiyohiyo kwa rauta za mtumba kutoka Uingereza zilizokuja na plagi ya pini tatu: nyingi zilitengenezwa kwa laini za simu za kule na zimefungwa kwa kampuni za kule. Sura nzuri, kazi hakuna.

Na iweke dirishani upande ulipo mnara. Usiifiche nyuma ya runinga.

#10 MwalimuWaChuno

Mrejesho wakuu. Nimepita dukani na kuigeuza ile ya antena nne. Tundu ni dogo na limeandikwa DSL, yaani ni la laini ya simu ya mezani! Ningetoa 95,000 halafu nirudi nyumbani nikae nayo. Muuzaji naye alipoonyeshwa alistaajabu, nadhani hakujua.

Jirani kaniazima adapta ya 12V 1.5A. Jana jioni nzima haikuzima hata mara moja. Mke wangu kaniuliza kama nimenunua mpya.

#11 Bibi_wa_Shangani

Basi uzi ufungwe, mwalimu anunue adapta alfu kumi aendelee na maisha.

#12 Fundi_Ligula

Dada, subiri siku tatu. Rauta iliyolishwa umeme mchafu kwa miezi haitoki salama.

#13 Kilwa_Masoko_Rd

Wakati tunasubiri, niwape kisa changu wa Lindi ili mwenye rauta yenye tatizo asifanye nilichofanya. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu hii, umeme ukasumbua, barabara ya Dar ikakatika huko Somanga. Wiki moja baadaye, tarehe 12, intaneti ikawa haisogei. Kurasa hazifunguki, WhatsApp ujumbe unakaa na saa. Nikajua rauta imeathirika na umeme wa kimbunga. Nikaenda kununua mpya, laki na kitu. Nimeifunga, hali ileile.

Baadaye ndipo taarifa zikaja kwamba nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika siku hiyohiyo, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimeyumba. Rauta yangu ya zamani ilikuwa nzima, na hadi leo inafanya kazi kwa mdogo wangu Nachingwea.

Tangu hapo nina jaribio moja. Intaneti ikikata naifungulia kompyuta na ku-ping rauta yenyewe (amri ya kuiita uone kama inajibu), 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kutegemea na iliyoandikwa chini yake. Rauta ikijibu haraka bila kukosa, kosa liko nje ya nyumba yangu. Isipojibu, au majibu yakija kwa kuruka, narudia kwa waya badala ya Wi-Fi. Kwa waya ikijibu vizuri basi ni mawimbi. Kwa waya nayo ikikataa, hapo ndipo naanza kufikiria duka.

#14 Bibi_wa_Shangani

Hilo jaribio nimelinakili kwenye daftari. Asante sana kaka.

#15 MwalimuWaChuno

Fundi ulisema kweli. Siku ya tatu leo. Haizimi tena, lakini Wi-Fi inapotea kwenye orodha, hasa ikipata joto. Waya unafanya kazi, Wi-Fi haipo. Nikiizima nikaiacha ipoe inarudi kwa saa moja.

#16 Fundi_Ligula

Ilete Ligula niifungue, sitakutoza kwa kuitazama.

#17 Fundi_Ligula

Wakuu, nimeifungua, na mwalimu kanipa ruhusa nieleze ili wengine wafaidike. Kapasita mbili karibu na tundu la umeme zimevimba vichwa. Hizo ningebadilisha, ni hela ndogo. Lakini upande wa chini kuna kutu ya kijani kwenye pini, imetembea mpaka karibu na sehemu inayorusha mawimbi. Na kulikuwa na mayai mawili ya mjusi. Wanapenda joto la rauta, wanaingilia kwenye matundu ya kupitishia hewa, uchafu wao unashika unyevu na kutafuna bodi. Hii sitengenezi, nitakula hela yako bure.

Sasa tuongee kununua.

Mwalimu una 20 Mbps. Hata ukipandisha kifurushi hadi 50, tundu la megabiti 100 linatosha na kubaki. Kwa hiyo rauta za daraja la AC1200 zenye matundu ya 100, mfano TP-Link Archer C50 au Tenda AC6, zinakufaa. Hiyo 1200 kwenye boksi usiisome kama kasi utakayoipata. Wamejumlisha 300 ya masafa ya 2.4 na 867 ya masafa ya 5, wakapandisha hadi 1200. Hakuna simu moja itakayopata zote mbili kwa pamoja, na 20 yako itabaki kuwa 20.

Ukishuka chini zaidi kuna TL-WR841N na Tenda F3, zina masafa ya 2.4 peke yake. Kwa chumba kimoja na simu tatu ningekuambia chukua. Kwa vifaa tisa, jirani kila upande ana Wi-Fi yake, na steshenari juu yake, utajuta. Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Mtaa mzima unagombania hizo tatu.

#18 Kilwa_Masoko_Rd

Fundi nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Akiongeza kidogo anapata Archer C6 yenye matundu ya gigabiti, yaani megabiti 1000. Faiba kasi zake zinapanda, miaka mitatu ijayo atanunua tena. Kitu cha nyumbani nunua cha kukaa.

Na kwa wanaonunua Xiaomi: kuna Mi Router 4A na kuna 4A Gigabit. Zinafanana kwa sura kiasi cha kukuchanganya. Isiyoandikwa Gigabit ina matundu ya 100. Msilipe bei ya moja mkapewa nyingine.

#19 Fundi_Ligula

Hoja ya kukaa naikubali ingekuwa tuko mahali umeme umetulia. Mwalimu rauta yake imekufa na miaka minne, na haikufa kwa kuwa polepole. Imekufa kwa umeme na unyevu. Ukimnunulia ya laki na nusu ukaichomeka pale pale ukutani, itakufa vilevile. Mimi ningeshusha hadhi ya rauta ili hela ibaki ya UPS ndogo.

#20 Kilwa_Masoko_Rd

Hapo umenimaliza. Nilisahau hilo kabisa.

#21 NewalaJuu

UPS ndogo ndiyo ile nyeusi ya kuweka chini ya kompyuta?

#22 Fundi_Ligula

Hapana, ile inageuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, halafu adapta inaugeuza tena. Hasara mara mbili. Ninayosema ni kiboksi kama pawabenki, kinatoa volti 12 moja kwa moja kuingia kwenye rauta. Kinakaa katikati, hivyo umeme ukikatika rauta haijui, na ukirudi kwa kishindo unakutana na kiboksi kwanza.

Hesabu zake ziko wazi. Kikiandikwa 10,400 mAh (ujazo wa betri), zidisha kwa volti 3.7 za betri, gawa kwa 1,000, unapata kama Wh 38, yaani wati-saa. Toa hasara, tuseme zinabaki 30. Rauta na ONU kwa pamoja zikitumia wati 10, umepata saa tatu. ONU usiisahau! Wengi wanaweka rauta peke yake kwenye betri, umeme unakatika, Wi-Fi inaonekana imejaa, intaneti hakuna, wanasema wametapeliwa.

Kabla ya kununua soma volti za vifaa vyote viwili. TL-WR841N kwa mfano nyingi zinatumia volti 9, ukiipa 12 unacheza na moto. Na kichwa kiwe saizi yake, kinachotumika sana ni milimita 5.5 kwa 2.1, katikati chanya.

#23 Pwani_Mikindani

Na mvua zikianza, kuanzia Desemba mpaka Aprili, radi ikinguruma chomoa ukutani. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme, lakini waya wa TANESCO unapitisha. Wenye laini za simu za shaba wachomoe na waya wa simu.

#24 Bibi_wa_Shangani

Mwalimu, na mimi nina la kusema kuhusu wateja. Binti yangu alikuwa na steshenari, aliwapa wateja nywila ileile ya nyumbani. Siku moja printa ikaanza kutoa karatasi za mtu aliyekaa nje. Humo kwenye kompyuta mna vyeti vya watu, namba za NIDA, picha zao. Rauta mpya ikija, wafungulie wageni mtandao wao wa pembeni. Hizo rauta alizotaja fundi zinao, nimeona kwenye ya binti yangu. Na nywila ya kuingilia kwenye mipangilio usiiache ile ya kiwandani.

#25 MwalimuWaChuno

Mama, nakushukuru mno. Hilo sikuwa nimeliwaza na watu wanatuamini na nyaraka zao.

#26 MwalimuWaChuno

Mrejesho wa mwisho wakuu.

Nimechukua Archer C50 kwa 78,000 na UPS ndogo yenye matundu mawili ya kutolea umeme kwa 59,000. Nimeongeza 7,000 juu ya bajeti. Dukani nilifungua boksi, nikageuza nyuma, nikasoma WAN, nikasoma volti za adapta, ndipo nikatoa hela.

Kufunga kulinisumbua sehemu moja, wenzangu mjue mapema. Nilichomeka kila kitu, taa ya intaneti ikabaki ya chungwa. Kumbe rauta ya zamani ilikuwa na jina la mtumiaji na nywila za PPPoE (za kuingilia kwenye mtandao wa mtoa huduma) alizoziweka fundi wa mtoa huduma miaka minne iliyopita, na mimi sikuwa nazo. Nimepiga simu huduma kwa wateja, nikatoa namba ya akaunti, wakanisomea, nikaziandika, ikakubali. Kama rauta yako ya zamani bado inawaka, ingia kwenye mipangilio yake uandike jina hilo kabla haijafa.

Nimeipandisha ukutani sebuleni, mbali na dirisha la upande wa bahari, imesimama wima ili hewa ipite. Matundu nimeyafunika kwa wavu laini wa mbu, fundi kasema joto linapita na mjusi haingii. Waya wa shaba umekwenda mpaka kompyuta ya steshenari, kwa hiyo fomu za watu hazitegemei Wi-Fi tena. Wageni wana mtandao wao.

Umeme umekatika jana saa kumi na mbili jioni. Taa zote za mtaa giza, tukaendelea kupakia viambatanisho kwa kompyuta mpakato. UPS imekaa saa mbili na dakika arobaini, si mbali na hesabu ya fundi. Yule binti wa Naliendele amepigiwa simu, amekuja, fomu yake imekwenda mpaka mwisho na ameondoka na nakala mkononi. Mke wangu hakumtoza.

#27 Fundi_Ligula

Safi sana mwalimu. Baada ya mwaka ipitie pini kwa kitambaa kikavu.

#28 MgeniLindi

Samahani wakuu kwa kuingia mwishoni. Niko Lindi mjini, nimesoma uzi wote. Na mimi rauta yangu imekufa tangu asubuhi, naomba mnisaidie, Archer C50 Lindi inapatikana duka gani? Kile kisanduku cheupe kina taa nyekundu inapepesa imeandikwa LOS.

#29 Kilwa_Masoko_Rd

Ndugu, usiende duka lolote. LOS nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki kwenye kisanduku. Rauta yako haihusiki. Leo umehamisha kitu chochote ndani? Angalia ule waya mwembamba wa njano kama haujabanwa au kukunjwa.

#30 MgeniLindi

Tumesogeza kabati jana usiku. Ngoja nichungulie.

#31 MgeniLindi

Ulikuwa umekunjwa kwenye kona nyuma ya kabati. Nimeunyoosha taratibu. Nyekundu imezima, imerudi kijani.